KUINUA GARI LA MAKSAI: SHAURI KWA MKULIMA MWENYE GARI DOGO



Kila mwaka mvua zikiisha kupungua na mavuno yakikaribia, wenye magari ya maksai hunijia na neno lile lile: "Bwana Shamba, gari langu latambaa kwa tumbo. Niliinue namna gani?" Nimelijibu swali hilo mara nyingi, na mara moja nililijibu vibaya. Kwa ajili ya mara hiyo moja naandika karatasi hii, nami nakuomba uisome yote kabla hujamwita fundi.

Rai yangu nitaisema mwanzoni. Gari dogo lisiinuliwe mpaka mwenyewe amejua ni mahali gani panapogusa chini. Likiisha kujulikana hilo, liinuliwe kwa kadiri ya haja, wala si zaidi. Na siku ile sakafu ya gari ipandapo, mzigo nao sharti upunguzwe kimo chake. Najua wako wasiokubaliana nami, nao nitawajibu mbele.

GARI NINALOLISEMA

Nasema habari za gari la magurudumu mawili, likokotwalo na maksai wawili, ambalo wengi wetu tumelitengenezesha kwa ekseli ya motokaa kuukuu na matairi ya mpira. Ni gari jema. Laenda kwa wepesi kuliko gari la magurudumu ya mbao yaliyovishwa chuma, wala halichimbi njia sana. Walakini lina ila moja: ekseli yake na magurudumu yake yalifanywa kwa ajili ya barabara, si kwa ajili ya njia ya shambani.

Katika nchi ya mbuga, yaani ule udongo mweusi wa mabondeni uliopo Usukuma na mahali pengine pengi, ardhi hunywa maji ikavimba na kulainika. Magurudumu huzama yakachimba mifereji miwili, na katikati husalia mgongo. Jua likiisha kuupiga, mgongo ule huwa mgumu kama tofali la kuchomwa. Gari jipitie hapo na magunia sita ya mahindi, utasikia linakwangua, na maksai watasimama wakihema. Hapo ndipo mtu husema, "Gari hili ni fupi, na liinuliwe."

KOSA LANGU

Zamani kidogo, katika mwaka wa mvua nyingi, mzee mmoja alinijia na shida hiyo. Sikwenda kulitazama gari lake. Nilimwambia, nikiwa nimesimama barazani, akate vipande vya mti mgumu vyenye unene wa inchi 6, avitie kati ya springi na sakafu, avikaze kwa bolti ndefu. Akafanya vile nilivyomwambia. Gari likaonekana refu na zuri, na majirani wawili wakamwiga.

Wiki tatu baadaye alikuwa akipeleka pamba sokoni. Pamba ni nyepesi, nawe wajua jinsi tuipangavyo: magunia hupanda juu mpaka yakazidi kichwa cha mtu. Mwanawe alikaa juu ya magunia. Walipovuka korongo, gurudumu la kushoto liliingia katika shimo na la kulia likapanda jiwe. Gari lilipinduka. Kijana alivunjika paja, na maksai wa kushoto, aliyekuwa amefunzwa kazi kwa miaka minne, alisongwa na kamba ya nira akafa kabla hawajapata kisu cha kuikatia.

Nilipofika, gari lilikuwa bado limelala tumbo nje. Ndipo nilipoona jambo ambalo ningaliliona siku ya kwanza kama ningaliinama. Ekseli ilikuwa inang'aa kama shilingi mpya kwa kukwanguliwa na ardhi. Vile vipande vya mti havikuwa na hata mkwaruzo mmoja. Maana yake ni hii: kitu kilichokuwa kikigusa chini ni ekseli, nami nilikuwa nimeinua sakafu. Ekseli haikupanda hata unywele mmoja. Mzee yule aliingia gharama, akapata hatari, na gari lake likaendelea kukwangua vile vile kama kwanza.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Bwana Shamba, mbona hukuja kutazama?"

TAZAMA MAHALI PANAPONG'AA

Basi jambo la kwanza ni hili. Toa mzigo, zuia magurudumu kwa mawe, kisha lala chini uingie mvunguni mwa gari. Tafuta mahali panapong'aa au palipokwaruzwa. Hapo ndipo panapogusa, na kila mahali pana dawa yake.

Ikiwa inang'aa ekseli yenyewe, kumbuka kwamba ekseli hukaa katikati ya gurudumu, na kimo chake hutoka kwa gurudumu peke yake. Gurudumu lenye upana wa inchi 28 toka ukingo hata ukingo huweka kitovu chake inchi 14 juu ya ardhi. Ukitoa nusu ya unene wa ekseli ya inchi 2, imebaki nafasi ya inchi 13. Hata ukiijenga sakafu juu kama dari, nafasi hiyo haiongezeki. Dawa ni mbili tu: gurudumu kubwa zaidi, au kutengeneza njia. Na gurudumu kubwa nalo huinua kwa nusu ya tofauti tu. Ukitoka gurudumu la inchi 28 ukaenda la inchi 32, umepata inchi 2, wala si 4. Kwa faida yake, gurudumu kubwa hupanda jiwe kwa wepesi kuliko dogo, na maksai huona nafuu. Lakini hakikisha kwanza kwamba matundu yake yalingana na bolti za habu yako, na kwamba tairi halitagusa sakafu springi zikilala.

Ikiwa panang'aa springi na vibati vyake, huenda fundi wako alizifunga springi chini ya ekseli. Hapa dawa ipo nayo ni njema, nitaieleza.

Ikiwa sakafu ina alama nyeusi za mpira juu ya matairi, basi gari si fupi. Springi zimechoka, au mzigo umezidi. Badili springi au punguza gunia.

Ikiwa panang'aa mkia wa gari, tazama mti wa kukokotea. Mara nyingi mti umefungwa juu mno kwenye nira, na gari zima limeinamia nyuma. Au mkia ni mrefu kupita kiasi nao hupiga ukingo wa korongo gari lipandapo. Ukate mkia, au usawazishe mti; usiguse springi.

NAMNA NJEMA YA KUINUA

Namna ninayoisifu ni kuihamisha ekseli kutoka juu ya springi kuiweka chini yake. Ukifanya hivyo, sakafu hupanda kwa unene wa ekseli pamoja na unene wa springi. Ekseli ya inchi 2 na springi za inchi 1½ zitakupa inchi 3½. Tena springi zenyewe, zilizokuwa zikining'inia chini, sasa zimekaa juu mahali pasipo na madhara. Kwa magari mengi hiyo yatosha.

Lakini kazi hiyo ina masharti yake, nawe msimamie fundi.

Kwanza, ekseli isigeuzwe juu chini. Ekseli nyingi zimepindwa kidogo katikati, mgongo ukitazama juu, ili zikipata mzigo zinyooke. Ukiigeuza, magurudumu yataegama na matairi yataliwa upande mmoja. Ekseli ihamishwe ikiwa imekaa vile vile ilivyokaa, na makalio mapya ya springi yachomelewe juu yake.

Pili, katikati ya kila springi pana bolti yenye kichwa, nayo sharti iingie katika tundu la kalio lake. Hiyo ndiyo izuiayo ekseli isiteleze. Fundi mvivu huiacha nje akasema yubolti zatosha. Hazitoshi.

Tatu, tumia yubolti mpya. Zile za zamani zimekwisha kunyooshwa na nyuzi zake zimechakaa. Zikazwe, kisha gari liende na mzigo siku moja, zikazwe tena.

Nne, pima. Chukua kamba, uifunge kwenye tundu la mbele la mti wa kukokotea, uivute hata ncha ya kulia ya ekseli, kisha hata ncha ya kushoto. Zikiwa sawa, gari litafuata maksai. Zisipokuwa sawa, litakwenda upande kama kaa, nalo litawachosha maksai na kula matairi.

Kuhusu vipande vya mti kati ya springi na sakafu, mimi sasa siviruhusu. Mti hukauka ukasinyaa, bolti zikalegea. Na kadiri kipande kilivyo kirefu ndivyo kinavyotaka kulala ubavuni gari lipigapo jiwe.

HESABU YA KIMO

Sasa wako wasemao, "Inchi chache ni kitu gani?" Na tuhesabu pamoja.

Kila mwashi ajua timazi. Fikiri kwamba timazi inaning'inia kutoka katikati ya mzigo wako. Gari likiwa sawasawa, kamba huangukia katikati ya magurudumu. Gurudumu moja likipanda, kamba husogea kuelekea gurudumu la chini. Ikivuka gurudumu hilo, gari limepinduka.

Tuseme magurudumu yako yameachana kwa inchi 48. Basi kamba ina inchi 24 za kusogea kila upande. Tuseme gurudumu moja limepanda inchi 12 kuliko jingine. Ikiwa katikati ya mzigo ni inchi 36 juu ya ardhi, kamba itasogea kama inchi 9. Ikiwa ni inchi 42, itasogea kama inchi 11. Ikiwa ni inchi 60, kama pamba ya mzee yule, itasogea zaidi ya inchi 15. Zile zilizobaki ndizo akiba yako, na kwa akiba hiyo walipa kishindo cha shimo, na tairi lililobonyea, na gunia lililoteleza. Hizo si gharama ndogo.

Waona basi kwamba kuinua sakafu kwa inchi 6 hakukupindui peke yake. Kinachopindua ni inchi 6 za gari zikiwekwa juu ya mzigo uliokwisha kuwa mrefu. Kwa hiyo nasema: inchi ulizozipandisha kwenye gari, uzitoe kwenye mzigo. Na mtu asikae juu ya magunia, awe mtoto au mtu mzima.

Kuna hesabu ya pili, nayo ni ya maksai. Gari la magurudumu mawili hupima kama mizani. Mzigo ukikaa mbele kidogo ya ekseli, mti hulemea nira kidogo, na ndivyo ipasavyo. Lakini likipanda kilima, mzigo ulio juu huhamia nyuma. Likishuka, huhamia mbele kwenye shingo za wanyama. Na kadiri mzigo ulivyo juu ya ekseli, ndivyo uhamavyo zaidi. Katika kilima kipandacho futi 1 kwa kila futi 6, mzigo huhama inchi 1 kwa kila inchi 6 za kimo chake juu ya ekseli.

Chukua magunia sita ya kilo 90, yaani kilo 540, na mti wenye futi 10 toka ekseli hata nira. Kwenye tambarare mti walemea nira kwa kilo 15. Ikiwa katikati ya mzigo ni inchi 18 juu ya ekseli, kilimani mzigo utahama inchi 3 na kuondoa kilo 13½. Nira imebakiwa na kilo 1½, nayo imetulia. Sasa inua sakafu kwa inchi 6. Mzigo utahama inchi 4 na kuondoa kilo 18. Hazipo kilo 18 za kuondoa, maana zilikuwa 15 tu. Basi mti utainuka, nira itapanda, na kamba zitawakaba maksai koo katikati ya kilima, wakati wahitajipo pumzi kuliko wakati wowote.

Dawa yake ni rahisi. Gunia moja la kilo 90 ukilisogeza mbele kwa futi 1, waongeza kilo 9 kwenye nira. Lakini usizidishe, kwa maana uzito huo huo utawaangukia shingoni watakaposhuka upande wa pili. Kabla ya kuondoka, inua mti kwa mikono yako. Ukiweza kuuinua bila kujikaza sana, nao ukiuachilia wataka kushuka, mzigo umekaa vema. Katika shule ya misheni tulifundishwa kwamba tabia ya mtu hujulikana kwa jinsi amtunzavyo mnyama wake. Nami naongeza kwamba maksai aliyefunzwa hapatikani dukani.

WASEMAO KINYUME

Wako wakulima wanaoniambia kwamba gari refu lavuka mto bila kulowesha mahindi. Ni kweli, wala sibishani nao. Ikiwa kila safari wavuka maji yafikayo magotini, inchi 3 au 4 ni haki yako. Lakini usiinue gari la mwaka mzima kwa ajili ya mto unaojaa siku kumi. Siku hizo ngoja maji yapungue, au pakia magunia machache juu ya magogo mafupi.

Wako na wengine wasemao kwamba kutengeneza njia ni kazi ya serikali. Barabara kuu, naam. Lakini ile njia itokayo shambani kwako hata barabara kuu, ni nani aipitaye kila siku ila wewe na jirani zako? Mgongo wa katikati ukivunjwa kwa jembe mara mvua ziishapo, udongo ungali na unyevu, ni kazi nyepesi; ukingoja ukauke, jembe litaruka. Udongo ule utiwe katika mifereji pamoja na changarawe, na upande wa chini wa njia pachimbwe michirizi ya kutolea maji, yasikae. Watu kumi wenye majembe watafika mbali kwa siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na njia iliyoachwa miaka mitatu huwa korongo ambalo hakuna gari litakalolivuka, hata likiwa refu kama twiga.

Mimi naamini kwamba nusu ya magari yaletwayo kwangu ili yainuliwe hayana kasoro. Kasoro iko njiani. Gari ukiliinua, umejisaidia peke yako. Njia ukiitengeneza, hata mwanamke abebaye mtungi na mgonjwa apelekwaye zahanati wamepata nafuu.

KWA UFUPI

1. Ingia mvunguni utazame panapong'aa kabla ya kutoa fedha yoyote.

2. Ekseli ikigusa, tengeneza njia au tafuta magurudumu makubwa. Kuinua sakafu hakufai kitu.

3. Springi zikigusa, hamisha ekseli iwe chini yake, bila kuigeuza, na kwa yubolti mpya.

4. Usitumie vipande vya mti.

5. Inchi zilizopandishwa kwenye gari zitolewe kwenye mzigo, na mtu asipande juu.

6. Pima mti kwa mikono kila safari, na mfukoni mwa mwenye kuongoza maksai pasikose kisu kikali.

Yule kijana aliyevunjika paja alipona, ingawa huchechemea kidogo wakati wa baridi. Leo ana gari lake mwenyewe na maksai wawili wekundu. Sakafu yake imeinuliwa kwa inchi 3½ kwa namna niliyoieleza hapa, na pamba yake haizidi magunia mawili kwenda juu. Safari zake sokoni ni nyingi kuliko za wenzake, nao humcheka. Yeye huwajibu kwamba hana haraka.

Aliye na gari linalokwangua na aniite. Nitakuja kulitazama.

Mimi, Bwana Shamba wenu.